Sweta Arobaini za Wakwe wa Mtowisa

Mpendwa Shangazi Epifania, naomba msaada wako, na kabla ya yote shikamoo. Naandika nikiwa kazini, kwenye stoo ya shule ninayoitunza, kwa sababu nyumbani siwezi kuiandika barua hii, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini. Jina langu ni Kasmir, nina miaka hamsini na moja, naishi Chanji hapa Sumbawanga, na jina ukitaka kulichapa lichape tu, maana nyumbani kwetu anayesoma gazeti ni mimi peke yangu, mke wangu huliwashia moto.

Mke wangu anaitwa Gaudiosa na hanunui kitu kinachoweza kutengenezwa. Mkate anaoka mwenyewe kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na ni mkate mzuri, sidanganyi, sabuni anapika kwa mawese yanayotoka kandokando ya ziwa, jamu ni ya maboga, kahawa ni ya soya anazozikaanga mpaka ziwe nyeusi kisha anazitwanga, na kahawa hiyo nitaizungumzia siku nyingine. Zawadi hatununui. Awe mtoto wa ubatizo, awe wa kipaimara, awe mgonjwa aliyetoka hospitali, anapata kitu kilichotoka mikononi mwa Gaudiosa. Kwa mikono hiyo watoto wetu watatu wamesoma na nyumba imeezekwa bati, kwa hiyo usidhani nalalamika, mimi namshukuru Mungu kwa mke huyu, tatizo ni sweta.

Sweta zake ni hivi, Shangazi. Anakwenda sokoni anachagua sweta za mitumba zilizotoboka viwiko, zile ambazo hata muuzaji mwenyewe anazionea aibu, anazifumua, anafua nyuzi, anazikunja madonge, halafu anafuma upya kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Mwili wa sweta haujambo, mikono haijambo, rangi zinapangika vizuri tu. Lakini shingo inabana, nasema inabana sana, kichwa kinapita kwa shida na masikio yanachelewa. Watu wa jumuiya yetu wanaziita sweta za kuzaliwa upya, ila si mbele yake, na unawajua watu wa huku, zawadi hupokelewa kwa mikono miwili na maneno mengine hubaki tumboni.

Sasa naungama. Sweta ya kwanza kabisa alinifumia mimi, tulipokuwa na miezi mitatu ya ndoa, mwezi wa sita, baridi unaijua. Nilipoivaa niliona giza kwa muda, nilipotoka upande wa pili alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama, akaniuliza, "Imekukaa?" Shangazi, ungekuwa mimi ungesema nini? Nikamwambia imenikaa kabisa, na shingo ndivyo inavyotakiwa hivi, upepo hauna pa kupita. Alifurahi mpaka akachukua kipande cha uzi akaipima ile shingo akafunga fundo, na ule uzi mpaka leo uko kwenye kopo lake la sindano, na hiyo ilikuwa miaka ishirini na minne iliyopita.

Tangu hapo kila mwaka napata mpya. Asubuhi natoka nyumbani nimevaa, nafika kwa rafiki yangu Ignasi, fundi baiskeli, yeye anashika mikono ya sweta mimi narudi nyuma, inatoka, navaa jaketi langu la mtumba ninalolihifadhi kwake, naenda kazini. Jioni tunafanya hivyo hivyo kinyumenyume. Huu ni mwaka wa tisa. Ignasi hanitozi kitu ila siku hizi ameanza kuuliza itaisha lini.

Ningeendelea hivyo hivyo mpaka kustaafu, lakini binti yetu Janeth amepata mchumba, kijana mwema anaitwa Raphael, kwao ni Mtowisa kule bondeni, watu wa mpunga na ng'ombe. Mwezi wa nne wazee wao walipanda kuja kwetu, wakiongozwa na baba yake, mzee Mboje, na tulipomaliza mazungumzo mke wangu akaleta sweta, akasema, "Mzee, hii ni ya kwako, huku kwetu kuna upepo." Mzee Mboje akasimama akaivaa pale pale kwa heshima. Kichwa hakikutoka. Tulisubiri. Akaendelea kutushukuru akiwa ndani, sauti tulikuwa tunaisikia, halafu ndugu zake wawili wakainuka wakamsaidia, akatoka mwekundu machoni, akasema, "Asante mama, ina joto." Wakaaga, akapanda gari nayo, akateremka nayo milima yote mpaka Mtowisa, na Mtowisa, Shangazi, kuna joto la kukausha samaki.

Gaudiosa alipowaona wanaondoka na mzee bado ameivaa, machozi yalimtoka. Akaniambia, "Baba Janeth, umeona alivyoipenda? Hakuivua hata kwenye gari." Nikasema nimeona. Akasema, "Basi kwenye sendoff nitawavisha wote." Nikamuuliza wote kina nani, akasema upande wote wa mwanamume, watu arobaini, MC atawaita mmoja mmoja, mbele ya ukumbi. Nikajaribu kumwambia kwamba Mtowisa ni nchi ya joto, akaniuliza, "Kwani sherehe iko Mtowisa?" Nikaona hajanielewa. Sasa amekwisha kufuma ishirini na sita, zimo kwenye gunia chini ya kitanda chetu, nazisikia ninapojigeuza, na sherehe ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba.

Juzi Janeth alikuja huku stoo analia. Kumbe mzee Mboje hakuivua kwa sababu haikuvulika, Raphael alimwambia walipofika nyumbani waliikata kwa mkasi. Akaniambia, "Baba, watu arobaini wakwame mbele ya kamera siku yangu? Nitaitwa binti wa sweta mpaka nife." Nikamwambia tulia mwanangu, mama yako ana nia njema. Akasema, "Najua ana nia njema. Aliyeanza kumsifia ni wewe. Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi kwenye kikao cha kamati, mbele ya wote." Kikao ni Jumapili.

Shangazi, sijalala vizuri. Nimefikiria gunia lipotee, lakini wezi gani wa Chanji wataiba sweta za Gaudiosa wakati kila mmoja anayo. Nimefikiria kumwomba MC aruke kipengele hicho, nimefikiria kumtuma padri amwambie kwa lugha ya kiroho, hata Ignasi nimemwomba aseme yeye, amekataa. Nikimwambia mke wangu leo ataniuliza kwa nini sikusema jana, na jana kwangu ni miaka ishirini na minne. Nisipomwambia, binti yangu atavunjika moyo au atamvunja mama yake moyo hadharani. Nisaidie, niseme vipi bila kumuumiza?

Ni mimi Kasmir, Chanji, Sumbawanga.

SHANGAZI EPIFANIA ANAJIBU

Marahaba, Baba Janeth. Pole sana. Hiyo ndiyo pole utakayoipata kwangu, itunze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa mzee wa watu alipokuwa anashukuru akiwa ndani. Mara ya pili niliona haya kwa kucheka, maana umejaza kurasa nne ukinieleza makosa ya mkeo, na nimeyatafuta sikuyaona. Hebu nionyeshe alipokosea. Alikufumia sweta. Akakuuliza imekukaa? Ukamjibu. Akaupima ule uwongo wako kwa uzi, akaufunga fundo, na kwa miaka ishirini na minne amelifuata fundo hilo kwa uaminifu ambao wewe mwenyewe huna. Kila shingo inayobana Chanji nzima ni jibu lako. Kama ungesema siku ile, "Mke wangu, masikio yanauma," angefumua mistari michache na kesho yake ungevaa sweta nzuri, wewe na mtaa mzima.

Na ulikuwa bwana harusi wa miezi mitatu, nakuelewa. Uwongo wa miezi mitatu ya ndoa nausamehe. Wa miaka tisa kwa Ignasi, siusamehe. Mwanamume mzima unavuliwa nguo kila asubuhi kwenye banda la baiskeli kama mtoto wa chekechea, na bado unaniuliza jinsi ya kulinda heshima.

Haya, la pili. Umesema mkeo hakukuelewa alipokuuliza kama sherehe iko Mtowisa. Baba Janeth, alikuelewa vizuri sana, wewe ndiye hukumwelewa. Nilikaa Mtowisa miaka miwili, nawajua. Watu wale watapanda mwezi wa saba na mashati ya mikono mifupi, mama zao na vitenge vyepesi, na sherehe ikianza jioni upepo wa huko kwenu Ufipa utawakuta hapo mlangoni. Watatetemeka mbele ya kamera hiyo hiyo anayoiogopa binti yako. Kati yenu nyote, kamati, MC na wewe mwenye stoo, aliyefikiria kwamba wageni watasikia baridi ni mtu mmoja tu, na yuko nyumbani anafuma kwa spoku. Kwa hiyo zawadi isiguswe. Mngeweza kuzunguka maduka yote ya mjini msipate zawadi inayowafaa kuliko hiyo. Kinachotakiwa kubadilika ni shingo.

Sasa sikiliza, na ufanye kama ninavyokuambia. Padri mwache na misa yake. MC mwache na kipaza sauti chake. Umeniruhusu nichape jina lako, nimelichapa, na mkeo anaweza kuwa hasomi gazeti lakini majirani zenu wanasoma, kwa hiyo huna mpaka Jumapili, una leo. Ukitoka kazini usipite kwa Ignasi. Nenda nyumbani na jaketi lako hilo hilo, mkeo alione. Kaa chini karibu naye, umwambie hivi: "Gaudiosa, sweta ya kwanza ilinibana, na nikakudanganya kwamba imenikaa." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini". Usimtaje Janeth, usimtaje mzee Mboje, usimwambie watu wanasemaje. Habari ya mkasi utamwambia kesho, akiuliza, na atauliza.

Kisha toa gunia chini ya kitanda. Shingo hufungwa mwisho, kwa hiyo inafumuliwa yenyewe bila kugusa mwili wa sweta, mkeo analijua hilo kuliko mimi. Mwambie asipime shingo tena, apime kichwa, maana kinachopita pale ni kichwa. Akiona bado, aache bega moja wazi aweke vifungo viwili, na vifungo mtavitoa kwenye mashati yako ya zamani, bila kununua hata kimoja. Shingo ishirini na sita utazifumua wewe. Mikono unayo, jioni unazo, na yeye ataendelea na kumi na nne zilizobaki. Ya kwanza kutengenezwa iende kwa mzee Mboje kabla ya sherehe.

Janeth, najua gazeti hili litakufikia. Mama yako anastahili kuambiwa, hapo ulikuwa sahihi, lakini si kwenye kikao, na si na binti yake mbele ya watu. Na kabla hujalia tena, mfikirie huyo mkwe wako. Angeweza kuomba mkasi pale pale sebuleni kwenu. Akateremka nayo mlima mzima kwenye joto ili mama yako asione. Unaolewa na watu wazuri, mwanangu, acha kuogopa kamera.

Kuhusu kahawa ya soya, Baba Janeth, inywe au useme. Sitaki barua nyingine.

Unaniuliza useme vipi bila kumuumiza. Hakuna namna hiyo. Ataumia, na atakasirika, pengine hata mkate kesho hautaokwa. Usimbembeleze anyamaze upesi na usithubutu kumwambia kwamba ni sweta tu. Mkeo ni fundi, na fundi huambiwa, "Mama, hapa panabana," akafumua, akafuma tena. Anayesifiwa kwa kila kitu bila kuambiwa ukweli ni mtoto mdogo. Miaka ishirini na minne umekula, umevaa na umesomesha kwa mikono ya fundi, huku ukimficha ukweli kama mtoto. Nenda kamwambie mkeo.