Msitu wa Juu ya Nyumba ya Mama

Staldenegg,
Oktoba, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpendwa Rosmarie,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Basel, wewe na shemeji Anton na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeshapona. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, ila mtoto wa jicho amemzidi, siku hizi anamtambua mume wangu kwa harufu ya dizeli tu. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu, kama ujuavyo, iko kando ya kiti chake, na masikio yake hayana ugonjwa wowote.

Uliniuliza wakati wa Pasaka kama ni kweli hoteli ya akina Zgraggen imefungwa. Ni kweli. Wamepigilia mbao madirishani, na mama Zgraggen anauza mashuka ya wageni sokoni bondeni. Si wao peke yao. Duka la kukodisha ski za kutelezea thelujini limefungwa, mwalimu wa kuteleza anaendesha lori la maziwa, na vile viti vya waya vya kupandisha wageni mlimani vinaning'inia juu ya majani makavu. Ng'ombe wamerudishwa kula majani palepale ambapo wageni walikuwa wakipanga foleni.

Nikikumbuka Baba alivyoanza, nashindwa kujua nicheke au nilie. Wewe ulikuwa msichana mkubwa, unakumbuka zaidi yangu: ile injini ya lori bovu la jeshi aliyoifunga pamoja na Wisi mhunzi nyuma ya zizi, kamba ikizunguka kwenye rimu za magurudumu, na Waingereza wawili wameing'ang'ania huku wakipiga mayowe. Wafugaji walisimama mlangoni mwa baa wameshika mbavu. Walisema Arnet kapata kichaa, anawavuta watu wazima na akili zao mpaka juu ili waporomoke tena mpaka chini, na eti wanamlipa! Majira yaliyofuata, haohao waliocheka walikuwa wanawapangisha wageni vitanda vya watoto wao, na wenyewe wanalala kwenye nyasi kavu darini, juu ya ng'ombe.

Mengine yote yalitokana na kamba ile. Yakaja mavyuma ya kuvuta watu, vikaja viti vya waya, ikaja hoteli yenye roshani, na zizi la Wisi likawa ukumbi wa dansi. Malisho ya Mama ya masika yakageuzwa njia ya kuteleza. Baba alikufa akiamini amewaachia watu wa kijiji hiki riziki ambayo haitakauka. Mimi mwenyewe nimekata tiketi kwenye kile kibanda tangu nimalize shule, na Köbi nilimpata palepale, akiendesha ile mashine ya kusawazisha theluji. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye mlima ule. Naomba ukumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Mama aliachia kila kitu kiende isipokuwa Msitu wa Marufuku, ule wa juu ya nyumba yetu unaozuia maporomoko ya theluji. Wewe na mimi tumekua tukiisikia habari yake mpaka tukaichoka: jinsi wakati wa vita kila nyumba iliiba mti mmoja tu wa kuni, mmoja tu, mpaka juu ya kitongoji cha Unterstalden pakawa na uwazi, na theluji ikapata pa kupita. Shangazi Agatha alipatikana masika, theluji ilipoyeyuka, kijiko bado kiko mkononi. Baada ya hapo Mama na wenzake walipanda miche kwa kuibeba mgongoni, na ile sheria ya zamani ikakaziwa: mambo mengine yote ya ushirika wa kijiji huamuliwa na wengi, lakini kwa msitu ule mkono wa nyumba moja tu ukibaki chini, hakuna mti unaoguswa.

Sasa, dada, tumepitia majira matatu ya baridi bila theluji ya maana. Tulifanya misa, tulikodi mizinga ya kutengeneza theluji lakini maji ya kuilisha hayakutosha. Mwaka jana wakati wa Krismasi watoto wa wageni walicheza matopeni, na Januari hawakuja tena. Ndipo kampuni ya viti vya waya ikamleta mhandisi wake na ramani. Alisema nyuma ya kilele, upande usiopata jua, theluji ipo hadi Mei, na kijiji kitafufuka kikijenga vibanda vya waya vya kupanda kule na njia pana ya kuteleza ya kurudia. Pa kupitisha njia hiyo palikuwa mahali pamoja tu, katikati ya msitu, kutoka ukingo wa juu hadi karibu na paa letu.

Nyumba zote zilikubali. Mama alikataa.

Sijui nikueleze vipi tulivyoishi kiangazi hiki. Nikiingia kwa mwokaji, mkate ulikuwa umekwisha hata kama naunusa. Mchinja nyama aliniambia mbele ya watu nimwambie mama yangu miti haipikiki supu. Mzee Gisler, aliyembeba Baba kwenye jeneza, alivuka barabara asinisalimie. Nilipojaribu kusema neno kuhusu Unterstalden walinicheka: maporomoko gani, Vreni, na theluji yenyewe ya kupozea bia hatuna? Na Köbi, ambaye unamjua si mtu wa maneno, alianza kukaa ndani ya ile mashine yake bandani, injini imezimwa, mchana kutwa. Mwishowe akaniambia kwamba amepata kazi kwenye mahandaki ya reli upande wa kusini, kwamba ataondoka mwezi wa kumi na mbili, na kwamba hanilazimishi kumfuata. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Nilimsihi Mama. Nilipiga magoti, Rosmarie, mtu mzima mimi. Nilimwambia kazi ya Baba inakufa. Akanijibu kwamba Baba alikuwa mwanamume mzuri na mpumbavu, alijua kuvuta watu kwenda juu, hakuwahi kufikiri nini kinashuka. Kisha akaniambia niache kulia, nimletee chai.

Mkutano ulikuwa Septemba, kwenye ua wa kanisa kama kawaida, nyumba moja mkono mmoja. Mama hakuweza kuteremka zile ngazi za kwenda kanisani, kwa hiyo alinituma mimi kuusimamisha mkono wa nyumba yetu. Alinivalisha skafu yake nyeusi, akanifunga mwenyewe kwa kupapasa. Aliniambia kazi yangu ni ndogo kuliko zote, kwamba sitakiwi kusema lolote wala kugombana na mtu, niuache tu mkono ukae mfukoni.

Dada, niliuinua.

Sitakudanganya kwamba nilisukumwa au kwamba nilichanganyikiwa. Mwenyekiti aliita majina ya nyumba, mikono ikapanda mmoja mmoja, na alipofika kwa Arnet wote walinigeukia, na Köbi alikuwa amesimama ukutani anatazama viatu vyake. Niliona kibanda changu cha tiketi. Niliona kitanda changu kina mtu mmoja. Mkono ukatoka mfukoni na nilijua ninachofanya. Watu walipiga makofi, mama Zgraggen alinikumbatia akilia, na Köbi alinishika bega njia nzima ya kurudi.

Nilidhamiria kumwambia Mama mara tu nikifika. Alikuwa amekaa akinisubiri. Kabla sijafungua mdomo aliuchukua mkono wangu wa kulia, uleule, akaubusu, akasema anajua ilikuwa vigumu na kwamba sasa anaweza kufa. Nimenyamaza hadi leo.

Kesho yake mwokaji alituletea mkate hadi mlangoni, na keki ya plamu juu yake. Mzee Gisler alikuja kucheza karata. Mama anaamini watu wamelainika kwa sababu tulisimama imara, ananiambia unaona, mtu akiwa na msimamo wanamheshimu, na mimi nakata keki. Misumeno ilipoanza aliuliza kelele za nini. Nilimwambia wanapanua barabara ya Göschwand. Padri anajua, mwenye posta anajua, kijiji kizima kinazungumza na mama yetu kuhusu hali ya hewa na hakuna anayemwambia. Wamekata hadi juu ya paa letu. Ukisimama kwenye dirisha la chumba chake unaona mlima wote, mpaka kileleni, hakuna hata kijiti kati yake na kitanda chake.

Ningeweza labda kuendelea kuishi hivi, mtu huzoea mambo. Lakini juzi theluji ilianza kuanguka kileleni, mapema, nzito, kama ile ya utoto wetu. Kijiji kizima kilitoka nje kikashangilia. Mwokaji alibusu watu. Köbi aliwasha mashine yake akapiga honi. Mimi nilipanda chumbani kwa Mama nikasimama dirishani.

Nakuomba, kwa mapenzi ya Mungu, njoo umchukue. Usingoje Krismasi. Nikimwambia mimi hatoki, maana ataniuliza kwa nini, na sababu ni moja tu, na nikiitamka nitakuwa nimemuua kabla ya mlima. Sema kifua kimekurudia, sema unalazwa na watoto hawana wa kuwaangalia, mdanganye lolote, wewe hujawahi kumdanganya atakuamini. Sisi tutabaki, kazi zimerudi. Tumehamishia kitanda chetu chumba cha chini, kana kwamba hilo litasaidia. Chumba cha mama kinabaki juu kwa sababu hakubali kuhama, anasema amelala pale tangu harusi yake na hakuna sababu ya kuhama. Nikipita mlangoni nasikia pumzi zake na nasimama hapo mpaka miguu inakufa ganzi.

Nichukie ukitaka, una haki. Lakini nichukie ukiwa njiani.

Köbi anakusalimu sana. Mama yuko hapa mezani, anajua nakuandikia, na amenisisitiza nikupe salamu zake neno kwa neno. Anawasalimu wewe na Anton na anawabusu watoto. Anasema mwaka huu ananusa theluji nyingi, na usiwe na wasiwasi wowote juu yake, msitu umesimama, na anamshukuru Mungu kwamba alimwachia nyumbani binti ambaye mkono wake anaweza kuuamini.

Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Vreni