Mtungi Nisioutoboa

Jumamosi. Joto la kunata, mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Mgongo unaniuma pale inapokaa mikanda ya pampu.

Kazi yangu ni kupulizia dawa ya magugu kando ya barabara kule Kizingo. Kupulizia si shida. Shida ni jioni, mitungi ya dawa ikishakuwa mitupu: usuuze kila mmoja mara tatu, maji ya kusuuzia uyarudishe ndani ya pampu, kisha uutoboe kwa msumari, chini na ubavuni, usije ukatumika tena. Hapo kwenye kutoboa ndipo roho huniuma. Kwetu Kibokoni maji ya mfereji huja yanapopenda, na mtungi mzima wa lita ishirini hautupwi.

Wiki jana nilichoka. Nikasuuza mmoja, nikabandua karatasi yake, nikaja nao nyumbani. Nilijiambia ni wa maji ya kupigia deki tu. Mama sikumwambia ulikuwa wa nini.

Leo jirani yetu Bi Zuhura alikuwa na hitma ya marehemu mumewe, na kila nyumba ilimuazima vyombo. Nilipotoka kazini nikapita kusaidia kupika, nikaukuta mtungi wangu uani. Nusu ya maji yake yalikuwa yameshaingia kwenye sufuria la pilau.

Nikauliza ni wa nani, na huku naujua.

"Wetu huo," Mama akajibu mbele ya wanawake wote. "Kauosha mwanangu kwa mikono yake."

Alisema kwa fahari.

Nakiri, nilifikiria kunyamaza. Kisha nikawaambia ulikuwa wa dawa ya magugu.

Bi Zuhura akaweka mwiko chini. "Sasa watu watakula nini, mwanangu?"

Nyama yote ikamwagwa. Waliokuja kusoma hitma wakapewa tende na kahawa. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana.

Nimerudi na mtungi nikautobolea mlangoni, chini na ubavuni. Mama alikuwa ameketi akinitazama. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mitungi yetu ya maji ya kunywa, ile ya miaka yote. Akaipanga mbele yangu.

"Na hii je?"

Nimeapa kuwa ni salama. Sote tuna kiu na hakuna aliyechota.

Kesho nitanunua mipya. Ila nikimwambia ni mipya, ataniamini?