Mikono ya Wafumaji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia banda la kufumia. Mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe. Lo! Kwenye ramani ya mradi wetu ni kisanduku cha kijivu, nimekichora mwenyewe sijui mara ngapi. Kwa macho — nilisahau hata kufunga mdomo. Paa limepinda-pinda kama meno ya msumeno, vioo vyote vinatazama mtoni, mwanga unamwagika mpaka sakafuni. Mashine zimeng'olewa lakini madoa ya mafuta yapo bado, safu kwa safu. Mama alisimama penye moja ya madoa hayo miaka ishirini na tisa. Masikio yake yaliishia humu, kwa ngurumo.

Hapa patakuwa soko na karakana. Kando ya mto nyumba za kuishi, maduka chini yake, njia ya miguu hadi darajani. Nimeupenda mpango huu jamani, siongopi.

Ila safu ya nyumba za wafanyakazi, anapokaa mama, kwenye ramani ni bustani. Rangi ya kijani nimeipaka mimi. Mama hajui. Mwoga mkubwa mimi!

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia. Wanaovunjiwa watapewa nyumba awamu ya tatu, yaani baada ya miaka sita. Mpaka hapo kila mtu ajitafutie pa kukaa. Mama akauliza yeye atakuwa na miaka mingapi. Sabini na saba. Akacheka! Akasema basi wamchoree na kaburi, awamu ya pili, asisumbue watu.

Mimi sikucheka.

Akatoka barazani, akamwangalia jirani wa mbele, yule mfumaji mwenzake tunayemwita Shangazi Bobini. Wakaanza. Midomo bila sauti, vidole, mabega, nyusi. Lugha ya bandani! Mashine zilikuwa zikinguruma, hata ukipiga yowe hujisikii, ndipo wafumaji wakajitungia yao. Sisi watoto tuliiokota kwa kuchungulia. Nilidhani ilishakufa. Dakika kumi tu, safu nzima ilikuwa barazani inaongea, na mtaa kimya.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho kikao cha wananchi, bandani. Mimi katibu. Nimemwambia bosi: tujenge kwanza kwenye yadi tupu, watu wahamie, ndipo tuvunje. Yadi ipo, nimeipima! Akasema ramani imeshachapwa. Nikauliza, sasa kikao cha nini? Akasema nikapange viti. Nikaenda kuvipanga.

Jumamosi, 8 Machi

Mapumziko, robo saa. Naandika nimesimama nyuma ya nguzo.

Wamekuja zaidi ya mia, wote wanawake. Viti tulivyopanga wamevipangua, kila mmoja kaweka chake pale ilipokuwa mashine yake. Bosi akashika maiki. Na wao wakaanza! Wa mlangoni anauliza, wa dirishani anajibu, huku na huku, juu ya kichwa cha bosi anayesifia maegesho. Mmoja alipinga, wakamsubiri amalize. Miaka tisa nahudhuria vikao — sijawahi kuona watu wakisikilizana hivi. Machozi yalinilenga, nikajifanya nina mafua.

Bosi akaniinamia: leo wametulia, andika hakuna pingamizi. Vikao viwili vya mwanzo, kabla ramani haijatoka, walisema kwa sauti, akaniamuru niandike "kelele za wananchi". Nikaandika! Wakisema, kelele. Wakinyamaza, wamekubali. Makubwa haya.

Kumbe wameshaamua. Nao wameiona ile yadi tupu: hakuna anayehama mpaka nyumba zisimame pale. Likabaki moja: nani aseme? Shangazi Bobini akaashiria kwamba wao wakisema watakuwa kelele tena. Kisha akanyoosha kidole mezani kwetu. Mama akaweka mkono kifuani, akauelekeza kwangu. Huyu wetu. Na mikono yote ile, zaidi ya mia, ikanielekea kwa mpigo mmoja, bila hata kiti kulia. Ni mimi niliyewapaka kijani, Mungu wangu, na wananichagua mimi. Hawakuniuliza kama nataka. Na kazi ninaipenda, na nikifungua mdomo leo sina kazi.

Bosi hajaona kitu. Anagonga maiki, anaita watu warudi — anasema kabla ya kufunga, katibu atusomee muhtasari.

Viti vyote vimegeuzwa upande wangu. Mama anafuta miwani kwa pindo la nguo, anaivaa, anaangalia midomo yangu —