Mlango wa Kuelekea Barabara Kuu

Miritini,
Jumatano

Dada yangu Kanze,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na wanao hawajambo. Mimi mzima, tena mwenye bahati kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu: serikali imeniletea barabara kuu mpaka mlangoni. Malori ya bandarini, ya Dongo Kundu, ya Nairobi, yote yanapita kwangu.

Ila hawa wahandisi, dada, wamenichosha. Walipopigilia vigingi nyuma ya hoteli yangu, sikungoja kuambiwa. Nilivunja ukuta wa nyuma nikatia mlango mpana wa kupokea madereva, na ule wa zamani, unaotazama njia ya mtaa, nikauziba kwa matofali. Jirani yangu Mwanarehema alinishauri ningoje nione barabara itakaaje. Nikamwambia auze mbaazi zake, mambo ya dunia aniachie mimi.

Kumbe barabara haikuja chini, ilikuja juu. Walimwaga udongo miezi minne, tuta likapita paa langu, na huko juu wakafunga vyuma pembeni. Sasa nikifungua mlango naona udongo mtupu.

Mutua, yule dereva aliyekuwa akila kwangu kila safari, juzi nilipanda tuta nikampungia mkono. Akapiga honi akapita. Nilipompigia simu kumlaumu akaniuliza, "Mweri, ulitaka nishuke huko na lori kama mbuzi?" Anasema kuja kwangu ni mpaka akageuzie mbele kabisa, arudi kwa njia ya ndani, nusu saa nzima kwa chapati mbili.

Ofisini kwa wahandisi nimeenda mara tatu. Wananijibu kwamba ramani ilibandikwa kwa chifu mwaka mzima. Ni kweli. Niliiona, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeielewa.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningecheka ukadhani natania. Nilikuambia uache kazi ya upishi shuleni Mariakani uje tuuze pamoja. Usiache. Kama barua ya kuacha kazi umeshampa mwalimu mkuu, kesho asubuhi kaiombe, hata kwa magoti. Mimi nazibua mlango wa zamani, na Mwanarehema ananilisha mbaazi bila kunikumbusha neno lolote.

Nibusie Randu na wadogo zake, na shangazi umwambie namkumbuka.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo, dada. Hoteli haina mteja hata mmoja.

Nduguyo,
Mweri