Saa ya Shule Iende Mtoni Kufanya Nini

Mwanangu Renatha,

Shangazi yako amechoka. Sikuambii ili unionee huruma, nakuambia kwa sababu ndiyo habari ya kweli niliyo nayo, na tangu uondoke tumekuwa tukidanganyana kwenye simu. Mimi nauliza mguu unaendeleaje, wewe unajibu, "Shikamoo shangazi. Mzuri." Basi, tumemaliza. Barua hii nimeiandika wazi, asome yeyote anayetaka, maana nilichokukosea nilikukosea mbele za watu.

Unazikumbuka zile saa? Nne, nyeusi, za kuvaa mkononi, tulizoletewa na mradi wa michezo pamoja na kompyuta mpakato. Nilikwenda semina Biharamulo wiki mbili, nikarudi Nyamiaga mtu mwingine. Mwalimu wa mbio aliyezoea kupiga filimbi na kukadiria kwa macho akawa mtu wa takwimu. Msichana akimaliza mazoezi, saa inaipa kompyuta kilomita alizokimbia, mwendo wake na mapigo ya moyo. Namuuliza amelalaje, namuuliza kama kuna panapouma, naandika. Kompyuta inajumlisha, inalinganisha wiki hii na zilizopita, halafu inampa rangi. Kijani, endelea. Njano, punguza. Nyekundu, kaa chini kabla hujaumia. Miaka yote ya ualimu sijapenda kitu cha kazi kama nilivyolipenda jedwali lile.

Na wewe ulilipenda kwa ajili yangu. Ulikuwa unakuja unahema, unaegemea dirisha la ofisi: "Shangazi, leo nina rangi gani?" Nakujibu bila kuinua kichwa, "Kijani." Unacheka, unakwenda zako. Wenzako walipata njano, mara nyekundu, wanapumzishwa wananuna. Wewe kijani tu, wiki baada ya wiki, na muda wako unazidi kuwa mzuri. Nikaanza kujigamba. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba damu ya kwetu ndivyo ilivyo.

Kaka yangu alipokuleta kutoka Nyabusozi uje usome kwangu, alisema nikulee kama wangu. Nikakulea hivyo, maana wangu ningemtuma vilevile. Nyumba ilikuwa ya mimi na wewe tu, na magoti yangu unayajua. Kwenye jedwali, Jumamosi nilikuandikia PUMZIKO, kwa herufi kubwa, na Jumamosi hiyohiyo asubuhi nakugongea mlango. Maji mtoni, dumu la lita ishirini, safari tatu, na mlima ule unaujua. Kisha kupalilia maharage. Kisha mkungu wa ndizi kichwani mpaka sokoni Ngara. Ukirudi, kufua. Nilikuwa naziita kazi ndogondogo. Jioni nikikuona umekaa kwenye ngazi unajikanda mguu, nilisema moyoni, mtoto anafurahia mapumziko yake.

Siku moja uliniomba. Ilikuwa Ijumaa, mazoezi yamekwisha, nakusanya saa nikazifungie kabatini, wewe unakawia kuivua. Ukasema, "Shangazi, naweza kwenda nayo nyumbani?" Nikakujibu mbele ya wenzako, "Saa ya shule iende mtoni kufanya nini?" Wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaivua, ukanipa kwa mikono miwili. Nililiona neno la utani, nikalisahau kabla sijafunga kabati.

Halafu mashindano ya Biharamulo. Ulikuwa unaongoza mpaka mzunguko wa tano. Kwenye kona ukapunguza mwendo, ukatoka nje ya mstari, ukakaa chini umeshika mguu chini ya goti. Nilikufikia nina kompyuta kwapani. Ukasema, "Shangazi, mguu." Mungu anisamehe, nilifungua jedwali, nikaliangalia lenyewe badala ya kukuangalia wewe. Nikakwambia, "Wewe ni kijani, Renatha. Inuka." Ukainuka. Hukuwahi kubishana nami hata siku moja, na siku hiyo ndiyo ningetamani ungebishana. Ulikimbia nusu mzunguko, ukaanguka, na sauti uliyoitoa bado naisikia nikiwa nasahihisha madaftari.

Hospitalini wakapiga picha. Daktari akatuonyesha mfupa ulipovunjika, akasema ulianza na ufa mdogo, na ufa wa aina hiyo hauji kwa siku moja. Unatokana na mzigo unaorudiwarudiwa bila mfupa kupata nafasi ya kujitengeneza. Akaniuliza, "Huyu binti nyumbani anafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Hafanyi kazi, daktari. Ni mwanafunzi." Wewe ukageuza uso ukutani. Mimi nikadhani ni maumivu.

Mama yako alipokuja kukuchukua hakunilaumu. Alisema, "Asante kwa kumtunza, wifi," akakufunga kitenge mabegani, mkaondoka. Nafasi uliyokuwa umeahidiwa kwenye shule ya michezo akapewa mwingine. Miezi ikapita, na siku moja akaniambia kwenye simu kwamba watu wakikuuliza, unawajibu mifupa yako ni mibovu, ndivyo ulivyoumbwa. Nilisikia, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa nini? Kwa sababu ilinifaa. Mifupa ikiwa mibovu, shangazi hana kosa.

Ulipoondoka, zile kazi ndogondogo zilinirudia mimi. Ijumaa moja nilikuwa namwonyesha msichana mgeni namna ya kuiwasha saa, nikasahau kuivua. Kesho yake nikashuka nayo mtoni. Safari ya pili, katikati ya mlima, dumu kichwani, kitu kikanitetemeka mkononi na kulia. Nilidhani saa imeharibika, kumbe mapigo ya moyo yamepanda mno. Nikatua dumu, nikakaa juu yake. Jirani akapita na jembe lake, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, leo unafanya kazi za mtoto?" Nikamjibu, "Za mtoto, ndiyo." Hata ndizi sikuzifikia siku ile. Mchana saa ikaandika kwamba mwili huu upumzike siku tatu. Mimi nilikuwa nakupa muda wa kunywa chai.

Nikajitetea. Nikasema mimi ni mtu mzima, magoti yamekwisha, tusilinganishe. Basi nikawapa wasichana wanne wa mbio saa waende nazo nyumbani, walale nazo, wateke maji nazo, wiki mbili. Zikarudi zimekwaruzika, zinanuka moshi, moja ina udongo wa shambani kwenye mkanda. Nikaziunganisha na kompyuta. Renatha, siku nzito kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Kwa wote wanne. Siku ya pumziko.

Sasa jedwali lina safu za maji, kuni, jembe na mizigo. Nilipowatangazia, mmoja akauliza, "Mwalimu, hata kumbeba mdogo wangu mgongoni kunahesabiwa?" Nikasema kunahesabiwa. Wakatazamana. Tangu hapo kazi yangu imekuwa kutembea nyumba kwa nyumba, na magoti haya, kuwaomba wazazi wapunguze safari moja tu ya maji kabla ya mashindano. Wengine wananikaribisha, wananielewa. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kwa hiyo mwalimu unataka maji yapande yenyewe." Nilirudi nyumbani, nikakuta ndoo zangu tupu, nikashika dumu.

Lakini mwaka huu hajaumia hata mmoja. Nakwambia wewe kwanza, kabla sijamwambia yeyote, kwa sababu haya yote ungeweza kunifundisha Ijumaa ile kama ningekuachia saa mkononi.

Wiki hii watu wa mradi wanakuja kuona tulichofanya. Jana mkuu wa shule aliniita, akasema kwa upole tu, "Mwalimu, lile jedwali la binti wa Nyabusozi liondoe. Linatuharibia." Nikasema sawa mkuu, kwa mazoea. Leo asubuhi nimelifungua ili niliondoe, nikakuta Jumamosi zako zimejipanga, sifuri, sifuri, sifuri. Nikashindwa. Nikaanza kuzijaza moja moja kwa ninavyokumbuka: maji, maharage, ndizi, kufua. Pale ambapo sina hakika nimeandika pungufu, nisije nikaambiwa naongeza chumvi. Nikimaliza kila Jumamosi, kompyuta inahesabu upya wiki nzima na kubadili rangi mbele ya macho yangu. Hilo ndilo nitakalowaonyesha wageni, nikiwa nimesimama, na nitasema nani alikuwa anakutuma. Mkuu akikasirika, akasirike.

Sikuombi urudi. Maji nateka mwenyewe, dumu dogo, na napumzika njiani bila aibu. Ukitaka kukimbia tena, kimbia hukohuko, na Jumamosi iwe yako. Kwa mama yako hilo nitalisema mimi, usijitie wewe katika maneno ya wakubwa. Usipotaka kukimbia tena, mguu ni wako, sitauliza mara mbili. Ila acha kuwaambia watu kuhusu mifupa yako. Mifupa yako ilikuwa mizima. Ilibeba mbio za shule na nyumba ya shangazi yako kwa pamoja, na ilivumilia kwa muda mrefu kuliko haki.

Kuna jambo moja nimebaki nalo. Kila siku ulikuwa unaniuliza swali pale dirishani, na nilikuwa nakujibu bila kuinua kichwa. Leo nimekiinua. Ulikuwa nyekundu, mwanangu. Kuanzia wiki ya tatu ya mazoezi, kila siku uliyoniuliza, ulikuwa nyekundu.

Ni mimi niliyekutuma mtoni,
Shangazi yako wa Nyamiaga