Macaire na Ukuta wa Besimenti

"Leo minaita polisi!"

Shiku rafiki yangu, huyo ni Macaire, yule jirani wangu Mkongo tunashare ukuta. Amesimama mlangoni kwangu na slipa za bafu, mtaa mzima unaangalia. Polisi!

Na unajua ile besimenti ya muziki nimeimaliza mwenyewe bila kibali. Bodi za gypsum mimi, rangi mimi, spika mimi. Polisi wakishuka pale chini, kaunti itaniambia nibomoe kila kitu.

Nikajishusha. "Pole baba, nitapunguza sauti."

"Nani anakuambia upunguze?"

Shiku, nilimwambia arudie.

"Mama Wayne, kila mangaribi unaweka rumba. Miye na bibi yangu tunasogeza meza, tunasimama. Magitare inakaribia sebene, pale ngoma inachanganya, tuanze kucheza, weye unazima! Unaweka ingine! Ile ni roho gani?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa najaribu spika tu. Nikisikia besi iko sawa, nabadilisha wimbo.

"Mbele ya sebene?"

"Mbele ya sebene."

Akaniangalia kama mtu ameiba sadaka.

Sasa ndio naona nyuma yake bibi yake, Laure. Amevaa kitenge cha harusi, amebeba sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Watu wamekuja kugombana na mboga!

Nikauliza, "Na polisi?"

Laure akajibu, "Ile tutaita kama unazima tena."

Nikafungua mlango wote. "Karibuni chini, ugali uko tayari. Macaire, rimoti utashika wewe."