Saa ya Kivuli na Mguu wa Neema

Jumatatu, 13 Julai
Nimefagia ua wa maktaba. Upepo umerudisha vumbi lote. Kwenye saa ya kivuli nimetumia brashi, namba zisizibwe. Unasimama juu ya jiwe lenye jina la mwezi, kivuli chako kinaangukia namba ya saa. Tangu simu itumbukie ndooni, ndiyo saa yangu. Kesho kliniki, mwanangu Neema afungwe plasta ngumu ya tano. Alizaliwa mguu umepinda, sasa unanyooka. Daftari la kuandikisha wagonjwa linafungwa saa tatu. Kutembea nusu saa. Nitatoka saa mbili kamili.

Jumanne, 14 Julai
Nimetoka kivuli kikiwa juu ya mbili. Sikusimama popote. Nesi akasema saa tatu imepita, daftari limefungwa. Nikabisha, ni mbili na nusu. Akanionyesha saa ya ukutani. Nikasema hiyo mbovu, jua halina betri. Watu wakacheka. Nikamwita mwongo mbele yao.
"Mama, ukikosa tena tunaanza na plasta ya kwanza," akasema. Hata hakufoka.
Nimerudi nalia.

Alhamisi, 16 Julai
Plasta imelegea. Neema anaingiza kidole, anacheka. Mimi sicheki. Wiki nne nimemshika magoti, daktari akivuta mguu, mtoto akinitazama kama nimemuuza. Kuanza upya siwezi. Nimechoka mpaka sala haitoki. Leo nimemkaripia bure. Kisha nimembusu vidole vya mguu, kimoja kimoja.

Jumamosi, 18 Julai
Nilikuwa namsimulia Mama Zuhura, mwenzangu wa ufagio, mtu wa Kondoa, ugomvi wangu na nesi. Nimesimama juu ya Julai, kivuli kimegusa sita. Adhana ikaanza. Akatoa simu yake: saa saba kasoro robo.
"Wewe Mgogo wewe, adhuhuri ya hapa umewahi kuisikia saa sita kamili? Adhuhuri hufuata jua, na jua la Dodoma lina saa yake."
Adhana hiyo naisikia tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza. Kivuli kiko nyuma dakika zaidi ya arobaini. Nesi alisema kweli. Ni mimi niliyemkosesha mwanangu.

Jumanne, 21 Julai
Nimetoka kivuli kirefu, hata moja hakijafika. Nimekuwa wa kwanza. Benchi lilipojaa nikamwamkia nesi, nikamwomba radhi mbele ya watu, maana nilimtukana mbele ya watu. Akaitikia. Akaitoa plasta iliyolegea, akaushika mguu wa Neema, akaugeuza.
"Mguu umerudi kupinda kidogo. Tunaendelea."
Neema alilia sana. Nilimshika magoti. Sikulegeza.

Ijumaa, 31 Julai
Nimeandika kwa chaki kando ya namba: Ongeza dakika arobaini. Upepo utafuta. Nitaandika tena.
Kesho tunahamia jiwe la Agosti. Nimemsimamisha Neema juu ya Julai, na plasta yake, nimemshika kwapani. Kivuli chetu kimoja. Alikipungia mkono. Kikampungia.